Kununua Mashine ya Kanda kwa Mtu Usiyemwona

Anayerithi picha za zamani huziona siku hiyohiyo, lakini anayerithi kanda za rili, zile kanda ndefu za sauti zinazozungushiwa kwenye gurudumu, amerithi sanduku lisilotamka neno mpaka ipatikane mashine ya kulisemesha. Baba yangu mdogo, ambaye kwa miaka mingi alirekodi harusi na ngoma kati ya Tanga na Pangani, katika zama ambazo Black Star na Lucky Star zilikuwa zikishindana kwa taarabu mjini Tanga, alituachia kabati lenye kanda za BASF na Agfa, kila moja ikiwa na kikaratasi cha maandishi yake ya penseli. Mashine yake mwenyewe, Uher ya kutundika begani, ilikwisha kuuzwa zamani. Mashine mpya za rili zinazotengenezwa leo ni chache mno. Kampuni ya Revox imerudi sokoni na toleo la tatu la mashine yake iitwayo B77, lakini bei yake inazidi euro 10,000, fedha ambazo kwetu zinanunua gari. Njia iliyobaki ni mnada wa mtandaoni, hasa ule wa Ujerumani, ambako mashine hizi zimejaa kwenye vyumba vya chini ya nyumba, na huko nimekwisha kuzoea kiasi cha kuwa na maoni.

Wengi wanaotaka kununua vifaa vya zamani vya kurekodia husoma kwanza habari za mashine, wakakariri namba za matoleo na sifa za kila moja, kisha wakaingia mnadani bila kumfikiria muuzaji hata kidogo. Mimi naona mkazo uwe upande mwingine. Ukishajua kanda zako zinataka nini, mashine zinazofaa huwa ni chache na kasoro zake zinafahamika; lisilofahamika ni mtu aliye upande wa pili, na kipimo chake ni kumwuliza swali ambalo hawezi kulijibu pasipo kuinuka, kwenda ilipo mashine na kuigusa. Mengine yote yanafuata hapo.

Kanda zenyewe ndizo za kusomwa kabla ya tovuti yoyote. Upana wa kanda ya rili, iwe ya nyumbani au ya redio, ni milimita 6.3, lakini katika upana huo sauti yaweza kuwa imeandikwa kwa njia moja inayotanda kote, kama walivyofanya watu wa redio, au kwa njia mbili, au kwa njia nne, ambapo stirio ya upande wa kwanza hukaa katika njia ya kwanza na ya tatu, na ukigeuza rili, upande wa pili hukaa katika zile zilizosalia. Mashine ya njia mbili ikipewa kanda ya njia nne iliyorekodiwa pande zote husoma pande hizo kwa pamoja: wimbo mmoja unakwenda mbele na mwingine unasikika nyuma yake ukiimbwa kinyumenyume. Mashine ya njia nne ikipewa kanda ya njia mbili haileti vurugu hiyo, ila hupoteza sehemu ya ubora na kuongeza mvumo. Kwa hiyo mtu asiyejua kanda zake zilirekodiwa kwa njia ngapi asiweke dau lolote, kwa sababu karibu kila mashine maarufu ilitengenezwa kwa aina zote mbili, na wauzaji wengi hawataji ni ipi.

Kasi nayo ni hivyohivyo. Baba mdogo alirekodi kwa sentimita 9.5 kwa sekunde, na sababu yake ni rahisi: rili ya sentimita 13, ambayo ndiyo kubwa kabisa inayoingia kwenye Uher, hubeba mita 270 za kanda nyembamba, na kwa kasi hiyo hupata dakika 47 hivi, kiasi cha nyimbo tatu au nne za taarabu zilizopigwa kwa kituo na kutunzwa. Angechagua kasi ya 19 angepata nusu yake, na wimbo ungekatika watu wakiwa bado wanatunza. Revox A77 ya kawaida ina kasi za 9.5 na 19. Lakini iko A77 nyingine, sura ileile, yenye kasi za 19 na 38 kwa ajili ya studio, ambayo kwa kawaida huuzwa ghali zaidi na kwa kanda zangu haina faida. Muuzaji ataandika tu kwamba ni A77. Tofauti inaonekana kwenye swichi ya kasi, na picha ya swichi hiyo hugharimu dakika moja kwa mtu aliye karibu na mashine.

Nimezitaja Revox mara kadhaa na ni haki nieleze kwa nini. Kampuni ya Willi Studer huko Uswisi ilitoa A77 mwaka 1967, na B77 iliyoifuata ikatoka mwaka 1977. Zilitengenezwa kwa wingi, vipuri vyake vinapatikana mpaka leo, na maelezo yake ya ufundi yamesambaa kila mahali. Lakini kwa sisi tulio Afrika Mashariki kuna sababu nzito zaidi ya hizo, nayo ni umeme. Mota ya Revox inayoendesha kanda inadhibitiwa na sakiti ya elektroniki, si na mpigo wa umeme wa ukutani, na nyuma ya mashine kuna kigeuzi cha kuchagua volti. Mashine nyingi za TEAC na wenzake wa zama hizo zilizouzwa Marekani zilitumia mota inayofuata mpigo wa umeme wenyewe. Marekani mpigo huo ni hetzi 60 na kwetu ni 50. Transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 120 haibadilishi hetzi hata kidogo, kwa hiyo mashine ya namna hiyo ikifika Dar es Salaam itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na sauti itashuka kwa takriban nusutoni tatu. Mwimbaji wa kike anageuka mwanamume mwenye huzuni. Wapo wanaouza pulii ya kurekebisha kasi hiyo, na baadhi ya mashine zilikuja na pulii yenye vipenyo viwili, lakini hilo ni jambo la kuthibitisha kabla ya dau, kwa picha.

Japani ni mtego wa aina yake. Umeme wake ni volti 100, upande wa Tokyo ukiwa na hetzi 50 na upande wa Osaka hetzi 60, na mashine nzuri za Akai na TEAC hutoka huko zikiwa safi kupita kiasi. Minada yao pia ina desturi ambayo mgeni haitarajii: dau likiwekwa katika dakika za mwisho, muda wa mnada huweza kusogezwa mbele wenyewe, kwa hiyo ujanja wa kuvamia sekunde ya mwisho haufui dafu. Mimi sinunui huko, kwa sababu ya umbali na kwa sababu sina ndugu huko.

Kuhusu Nagra, ile rekoda ya Stefan Kudelski ambayo waandishi wa redio na watu wa filamu walizunguka nayo duniani, nitasema machache. Inafanya kazi kwa betri, imejengwa kama chombo cha maabara, na kila anayeiuza anajua thamani yake. Hakuna bahati ya kuokota huko. Uher nayo hufanya kazi kwa betri na bei yake ni ya kibinadamu, lakini ndani yake kuna mpira mwingi, na mpira wa miaka 50 ama umekuwa mgumu kama kwato ama umeyeyuka ukawa lami. Uher inayoonekana mpya kabisa, na mkoba wake wa ngozi, yaweza isizungushe kanda hata kidogo.

Sasa tuje kwa watu. Wauzaji wa vifaa hivi niliokutana nao wanatambulika kwa maandishi yao. Kuna warithi, ambao huandika kwamba mashine ilikuwa ya baba na wao hawajui lolote. Picha zao zimepigwa juu ya meza ya chakula, mashine ina vumbi, na pembeni kuna kitambaa cha mezani. Hawa nawapenda. Hawajui, lakini hawajui kwa kweli, na mara nyingi mashine yao imekaa nyumba moja kavu, kwa mwenyewe mmoja, pamoja na kitabu chake cha maelezo na risiti ya dukani. Kuna wale wanaokomba nyumba za marehemu kwa mkataba na kuuza kila kitu, kuanzia vijiko mpaka vinanda. Wao huandika kwamba mashine haijajaribiwa. Mtu mwenye duka, meza na soketi ya umeme ukutani anaposema hajaijaribu mashine ambayo bei yake hupanda maradufu ikifanya kazi, mimi husoma kwamba ameijaribu.

Wa tatu ni mafundi wa kujifurahisha, na kwao ndiko kwenye bei kubwa na maneno makubwa. Wao huandika kwamba mashine imefanyiwa sevisi kamili. Wengine ni mafundi hasa: watakueleza wamebadilisha kapasita zipi, yaani vile vipande vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme, na vipingamizi vipi vya kurekebishia, wamepima kwa kanda gani ya rejea, na watakutumia vipimo kabla hujaomba. Wengine wamefuta vumbi kwa spiriti na kupaka mafuta. Fundi wangu wa Kariakoo, mzee aliyejifunza kazi enzi za redio za taa, aliwahi kunifungulia mashine ya mteja mwingine iliyonunuliwa kwa jina hilo la sevisi kamili, akanionyesha kapasita za kiwandani zikiwa palepale zilipowekwa miaka ya 1970, zimechanika mistari midogo kama udongo wa kiangazi. Hakusema kitu, akanipa tochi niangalie mwenyewe.

Kapasita hizo zinastahili aya yake. Katika mashine nyingi za Ulaya za miaka ya 1970 na 1980, Revox zikiwemo, zilitumika kapasita za karatasi za kampuni ya Rifa kwa ajili ya kuzuia cheche. Gamba lake la plastiki hupasuka kwa uzee, unyevu ukaingia kwenye karatasi, na siku mashine inapochomekwa baada ya kulala miaka mingi, kapasita hupasuka kwa moshi mzito wenye harufu inayokaa chumbani siku kadhaa. Mara nyingi mashine yenyewe haidhuriki sana, lakini muuzaji hushtuka, huichomoa, na kuandika kwamba imeungua, au huitupa. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba umwombe muuzaji aiwashe akupigie video, mimi siufuati kwa mashine iliyolala. Yule fundi wangu mzee wa Kariakoo ana kauli yake katika hili. Nilipompelekea mashine ya kwanza nikaunyoosha mkono kuelekea swichi, aliushika akasema, "Mwanangu, kilicholala miaka thelathini hakiamshwi kwa kelele." Akaichomeka kupitia balbu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme, ili kama kuna shoti ndani, balbu iwake kwa nguvu na mashine isalimike.

Kwa hiyo maswali yangu kwa muuzaji yote hujibiwa mashine ikiwa haijachomekwa. Ninamwomba aondoe kifuniko cha vichwa, yaani vile vipande vya chuma ambavyo kanda hupita ikivigusa, aangaze taa kutoka ubavuni na kupiga picha. Kichwa kizima kina uso wa mviringo laini; kilichotumika sana kina sehemu bapa katikati, na kadiri ubapa unavyopanuka ndivyo umri unavyokwisha. Kisha ninamwomba apitishe ukucha kutoka juu kwenda chini ya kichwa na kuniambia kama unakwama popote. Ukikwama pale ukingo wa kanda unapopita, kanda imekwisha kuchimba ngazi yake, na ikiwa ubapa ni mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, mashine ilitumika muda mrefu kichwa kikiwa kimekaa upande. Kwenye Akai zenye vichwa vya ferraiti na kioo swali hili halina uzito uleule, maana vile haviliki kirahisi, lakini kwenye Revox ndilo swali la kwanza. Kichwa kipya chaweza kugharimu kuliko mashine.

Baada ya hapo nauliza habari za gurudumu la mpira linaloibana kanda kwenye mhimili: alibonyeze kwa kidole gumba aniambie kama ni laini, gumu au linanata. Halafu azungushe sahani mbili za rili kwa mkono, moja baada ya nyingine, asikilize. Mwisho apige picha kibandiko cha nyuma na kigeuzi cha volti. Ni kazi ya dakika tano na haihitaji ujuzi wowote. Mtoto wa shule ataweza.

Majibu ndiyo yanayofundisha. Anayejibu kwa kunirudishia picha zilezile za tangazo, ninamwacha. Anayejibu kwamba yeye si mtaalamu, bila kujaribu, ninamwacha pia, kwa heshima, kwa sababu kubonyeza mpira hakuhitaji utaalamu. Anayenipa majibu ya kifundi yaliyojaa istilahi lakini hayataji ukucha ulikwama au haukukwama, huyo ninamwogopa kuliko wote. Lakini mtu akinitumia picha yenye ukungu, imepigwa kwa simu usiku, na ndani yake kidole chake mwenyewe kikionyesha kichwa cha mashine huku akiandika kwamba anadhani hapa pamekwaruzika kidogo, hapo moyo wangu hutulia hata kama mashine ina kasoro. Kasoro inayojulikana ina bei. Mashine niliyo nayo mezani leo, A77 ya njia mbili, ilikuja na kasoro tatu zilizoandikwa na binti wa marehemu huko Kassel, na fundi alipoifungua alizikuta tatu zilezile.

Mashine hiyo ilikuja na rili moja ikiwa bado imefungwa kwenye sahani yake. Tulipoisikiliza ilikuwa Krismasi ya familia yao, watoto wanaimba, mwanamume anawakatiza kuwaelekeza wasimame wapi, mbwa anabweka. Niliiingiza kwenye kompyuta, nikamtumia binti yule faili pamoja na maelezo mafupi kwamba rili yenyewe ninayo akitaka irudi. Aliitaka. Wiki kadhaa baadaye shemeji yangu wa Hannover, anayenipokelea mizigo, alipokea kwa posta bahasha yenye kitabu cha ufundi cha mashine na adapta mbili za chuma za rili kubwa, ambazo peke yake huuzwa kwa bei isiyo na aibu. Ninalieleza hili kwa sababu warithi wengi huuza mashine bila kujua kwamba wameacha sauti ndani, na mnunuzi akumbuke kuangalia kabla hajarekodi chochote juu yake.

Kanuni ya swali la kugusa inafaa hata kwa maikrofoni, ambazo hutembea katika minada hiyohiyo. SM58 za Shure zinaghushiwa mno, na picha haitakusaidia, kwa maana mghushi hufanya kazi nzuri kwa nje. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298. Mwombe muuzaji aiweke juu ya mizani ya jikoni na kupiga picha. Kwa MD 421 za Sennheiser za zamani, zile nyingi zilizotoka kwenye vituo vya redio vya Ujerumani, omba picha ya chini kabisa, penye plagi, kwani nyingi zina plagi ya Tuchel ambayo waya wa kisasa hauingii bila adapta.

Kuweka dau kwenyewe si jambo la kueleza kwa urefu. Tangu Pierre Omidyar aanzishe mnada uliokuja kuitwa eBay mwaka 1995, msingi ni mmoja: unaandika kiwango chako cha juu kabisa na mfumo unapandisha kidogokidogo kwa niaba yako. Ukiandika euro 400 na mshindani wako wa karibu akawa ameandika 310, utalipa kidogo tu zaidi ya 310. Kwa hiyo mwenye kupandisha dau siku tano kabla anafanya jambo moja tu, kuwaonyesha wengine kwamba mashine inatakiwa. Mimi huandika mara moja, sekunde chache kabla ya mwisho, kiwango ambacho nikishindwa kwa euro moja zaidi sitasikitika, nikishatoa humo gharama za usafiri, ushuru na fundi. Wanaosema mnada una ulevi wake wanasema kweli, na ulevi huo huwapata zaidi wasiokuwa na hesabu hiyo mkononi.

Jambo ambalo wanunuzi wa kwetu hawalijui, na ambalo huwaumiza, ni hili la ulinzi wa mnunuzi. eBay hurudisha fedha kitu kisipolingana na maelezo, lakini ulinzi huo unaishia kwenye anwani ya kwanza kilipofikishwa. Shemeji akikipokea Hannover kisha akakipeleka Dar es Salaam, na huku kikafunguliwa na kukutwa kibovu, hakuna wa kumlalamikia. Ndiyo maana mashine yangu haisafiri kabla haijakaguliwa Ujerumani. Shemeji si fundi, ni muuguzi, lakini amejifunza kuangalia vitu vilevile ninavyowauliza wauzaji, na amekuwa mkali kuliko mimi. Tofauti nyingine ni ya kisheria: muuzaji aliyesajiliwa kama mfanyabiashara katika Umoja wa Ulaya anapaswa kumpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kurudisha, lakini mtu binafsi anaweza kuandika kwamba harudishi, na wengi huandika. Hata hivyo huyo asiyerudisha haruhusiwi kudanganya. Akisema vichwa vimebadilishwa na kumbe havikubadilishwa, maneno yake ya maandishi yanakuwa ushahidi, na hii ni sababu nyingine ya kuuliza maswali ndani ya mfumo wa mnada na si kwa simu.

Ufungaji wa mzigo ndiyo hatua ambapo mashine njema hufa. A77 ina uzito wa kilo 15 hivi, sehemu kubwa ikiwa ni transfoma na mota, ilhali uso wake una vitufe vya plastiki. Ikiangushwa kwa kimo cha meza ndani ya boksi moja lenye magazeti yaliyokunjwa, uzito huo huendelea kwenda hata boksi lilipokwisha kusimama. Ninaomba rili zitolewe, mashine ivikwe sponji ngumu pande zote sita, iwekwe katika boksi lake, na boksi hilo liwekwe ndani ya lingine lenye nafasi ya sponji kati yake. Mzigo wa ndege hutozwa kwa ujazo kama ujazo unazidi uzito: boksi la sentimita 60 kwa 55 kwa 40, ukigawa ujazo wake kwa 6,000 kama yafanyavyo mashirika ya ndege, ni kilo 22, na utalipia 22 hata kama mizani inasema 18. Meli ni nafuu, kupitia wale wanaojaza konteina Hamburg kwa mizigo ya Watanzania, ila usiwe na haraka, na mwambie mwenye konteina asiweke friji juu yake.

Bandarini ushuru hukokotolewa juu ya bei ya kitu pamoja na bima na nauli, kisha asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani huja juu ya jumla hiyo na ushuru wake. Chapisha ukurasa wa mnada wenye bei ya mwisho na hali ya kitu kama kilichotumika, uuambatishe na ankara, kwa sababu ofisa anayekiona kitu chenye vipimasauti viwili usoni na maandishi ya Uswisi ana haki ya kudhani kwamba ni ghali kuliko kilivyo.

Sehemu kubwa ya kanda za baba mdogo zimekwisha kuingia kwenye kompyuta. Ni za BASF na Agfa, na tatizo lake limekuwa kuvu wa unyevu wa Tanga zaidi ya gundi inayonata, ugonjwa wa kanda kama Ampex 456 ambazo hulazimika kuokwa kwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa kadhaa kabla ya kuchezwa. Zimebaki rili chache za njia nne ambazo alipewa na rafiki yake wa Mombasa, na A77 yangu, kama nilivyoeleza, itazisoma pande zote mbili kwa pamoja. Ninafuatilia sasa B77 ya njia nne iliyoko karibu na Bremen. Tangazo linasema ilikuwa ya babu, picha tano, kitambaa cha mezani kipo. Nimeuliza kuhusu ukucha na mpira siku ya Jumatano. Mnada unafungwa Jumapili usiku, na ikifika Jumamosi hajajibu, sitaweka dau.